Mkubwa wa Biro na Mioyo ya Watu

Kila mtu mwenye amri anapenda kujua mbele ya wakati mambo watakayofanya watu wake. Mkubwa wa biro anasema: Huyu atachelewa, yule atakubali, mwingine atanung'unika kiisha atatii. Rektori wa seminari anasema hivyo, na padri wa parokia, na direktere wa shule. Mara nyingi maneno yao yanatimia, na kwa sababu hiyo wanazidi kujiamini. Tunataka leo, ndugu wasomaji, kusoma pamoja nanyi hadithi moja fupi yenye kuonyesha ujuzi huo unafika mpaka wapi, na unakoma wapi.

Hadithi hiyo inaitwa Bartleby. Wenye kusoma Kifaransa wataipata kwa jina la Bartleby le scribe, maana yake Bartleby karani wa kunakili. Mtungaji ni Herman Melville, mtu wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1819 na kufa mji ule ule mwaka 1891. Mwaka 1851 alikuwa ametoa Moby-Dick, kitabu chake kikubwa juu ya nyangumi, nacho hakikununuliwa sana. Hadithi ya Bartleby ilitoka miaka miwili nyuma yake, bila jina la mtungaji, katika gazeti la Putnam's Monthly Magazine, mwezi wa Novemba na wa Desemba 1853. Mwaka 1856 Melville aliiweka katika kitabu chake The Piazza Tales.

Wengine katika seminari zetu husema ya kuwa hadithi za kutungwa ni kazi ya kupitisha saa tu. Hatutabishana nao. Tunawaomba tu waisome hii mbele ya kupewa watu wa kuongoza.

1. Mkubwa na hesabu zake

Mwenye kusimulia ni avoka mzee, karibu ya miaka 60. Hasimami mbele ya mahakimu kutetea watu. Kazi yake ni kutengeneza hati za matajiri: hati za deni, za rehani na za mashamba. Biro yake iko Wall Street, mjini New York. Dirisha za upande mmoja zinatazama ukuta mweupe, na za upande wa pili zinatazama ukuta wa matofali, mweusi kwa uzee. Avoka huyu anatuambia bila haya ya kuwa watu humhesabu kuwa mtu wa salama, na ya kuwa tajiri John Jacob Astor, aliyekufa mwaka 1848, alimsifu kwanza kwa busara yake, kisha kwa utaratibu wake. Anapenda sana kulitaja jina hilo.

Chini yake kuna makarani wawili na mtoto wa kutumwa. Hatuambiwi majina yao ya kweli, ila majina ya utani tu. Wa kwanza ni Turkey, maana yake batamzinga, Mwingereza mzee. Mbele ya saa sita ya mchana ni karani mzuri kabisa. Nyuma ya chakula cha mchana uso wake unawaka kama makaa, na mkono wake unatupa wino ovyo juu ya hati. Wa pili ni Nippers, maana yake koleo, kijana wa miaka 25 hivi, mwenye tumbo bovu na tamaa ya ukubwa. Huyu asubuhi anasaga meno na kupigana na meza yake, mara aiinue, mara aishushe. Lakini nyuma ya saa sita anatulia. Mtoto ana miaka 12, na wanamwita Ginger Nut, maana yake keki ya tangawizi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuwanunulia makarani keki hizo.

Mkubwa amewapima watu hawa, na hesabu yake imetoka sawa. Mmoja anapoharibika, mwingine anatengenea, sawasawa na askari wawili wenye kupokeana zamu. Basi hana haja ya kumfukuza mtu. Akitazama saa, anajua ni nani wa kupewa kazi.

Je, amekosea? Hapana, na tusiwe wepesi kumcheka. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 115, anajiuliza sababu gani wenye kutazama nyota wanatabiri mara nyingi mambo ya kweli. Anajibu ya kuwa watu wengi hufuata tamaa za mwili, na tamaa za mwili zina njia zao zenye kujulikana. Mwenye kuzijua njia hizo atasema kweli juu ya watu wengi kwa jumla. Lakini juu ya mtu mmoja hawezi kuwa na hakika, maana hakuna kitu chenye kumzuia mtu kushinda tamaa yake kwa hiari yake. Wall Street avoka wetu hatazami nyota, anatazama matumbo ya makarani wake. Nayo yanampa jibu la kweli, kwa sababu Turkey ni mtumwa wa kinywaji na Nippers ni mtumwa wa tumbo.

Hata hapa Melville ameweka alama ndogo ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona. Nguo za Turkey zilikuwa chafu. Mkubwa akampa koti lake mwenyewe, zuri na lenye joto, akihesabu ya kuwa mzee atashukuru na kupunguza makelele yake ya mchana. Kumbe koti likamtia kiburi, akawa mbaya kupita mbele. Na avoka anafanya nini? Palepale anatunga sababu: koti zuri limemdhuru Turkey namna shayiri nyingi humdhuru farasi. Hesabu yake ilikuwa ya uwongo, naye anaifunika kwa hesabu nyingine. Ndivyo wanavyofanya wenye kujivunia kujua watu. Neno likitimia, walilijua. Lisipotimia, wana sababu ya kueleza. Hata mfumu wa kijijini hufanya vilevile na ramli yake.

2. Mkono ulionyoshwa

Kazi inazidi, na avoka anaajiri karani mwingine, kijana mpole na wa huzuni, jina lake Bartleby. Anamweka karibu naye, nyuma ya kiambaza cha kukunja, kusudi amsikie akimwita lakini asimwone. Maneno haya tuyashike: amsikie, asimwone. Siku za kwanza Bartleby ananakili mchana na usiku kama mtu mwenye njaa ya hati.

Siku ya tatu mkubwa anamwita waje kulinganisha nakala fupi. Anainama juu ya hati ya asili, bila kuinua kichwa, na mkono wake wa kuume ameunyosha upande, ukishika nakala, kusudi karani aipokee mara moja bila kupoteza dakika. Hapo Bartleby, kwa sauti ya upole, anajibu ya kuwa angependelea asifanye hivyo. Hakasiriki wala haleti sababu. Mkubwa anabaki na mkono wake hewani.

Tunaona ya kuwa hadithi nzima imo katika mkono ule. Avoka hakuunyosha kwa ukali. Aliunyosha kwa sababu alikuwa amekwisha kujua. Mwenye kujua hana lazima ya kuinua macho, na asiyeinua macho hawezi kuona ya kuwa mbele yake kuna mtu.

Tangu siku hiyo Bartleby anakataa kazi moja nyuma ya nyingine, mwisho hata kunakili, na haondoki biro. Mkubwa anajaribu silaha yake ya zamani, yaani tumbo. Anaona ya kuwa karani huyu hali kitu ila keki za tangawizi. Anawaza: tangawizi ni kali, humtia mtu moto. Lakini Bartleby hana moto hata kidogo. Basi, anasema avoka, tangawizi haikufanya kazi kwake. Msomaji atacheka, na ni vizuri acheke. Lakini aone pia ya kuwa chombo chenye kupima watu wote kimefika mbele ya mtu mmoja kikavunjika.

3. Dola ishirini

Dominika moja asubuhi avoka anakwenda kanisa la Trinity kusikiliza mhubiri mwenye sifa. Amewahi, anapita biro yake, na kumbe Bartleby anaishi humo: blanketi, sabuni, kitambaa cha kujifuta, vipande vya jibini katika gazeti. Anaingiwa na huzuni ya undugu, ya kweli. Anasema mambo mazito: angeweza kuupa mwili wa mtu huyu sadaka, lakini mwili haukuwa mgonjwa, roho ndiyo iliyoumwa, na roho hakuweza kuifikia. Lakini huruma hiyo inageuka kuwa woga, na woga unageuka kuwa chuki. Siku hiyo hakufika kanisani.

Kiisha anampa Bartleby siku sita za kuondoka. Siku ya sita anahesabu pesa: anadaiwa dola 12, anaweka 32 mezani, dola 20 zikiwa zawadi. Anamwagiza mahali pa kuweka ufunguo. Anakwenda zake akijisifu namna alivyotengeneza jambo kwa ustadi: hakufoka wala hakutukana. Alihesabu tu ya kuwa Bartleby atakwenda, na juu ya hesabu hiyo alijenga maneno yake yote.

Asubuhi anapoamka, furaha imepungua. Anafahamu jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha hadithi: dhana ile ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa yake mwenyewe, haikuwa ya Bartleby. Njiani, kwenye pembe ya Broadway na Canal Street, anasikia watu wanaweka pesa, mmoja akibisha ya kuwa hatashinda. Naye anaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa zake, akidhani wanabishania Bartleby. Kumbe wanasema juu ya uchaguzi wa mkubwa wa mji. Anafika kwenye mlango, anajaribu kuufungua, na sauti ya Bartleby inamjibu ya kuwa bado ana kazi ndani.

Sasa hasira inampanda. Anakumbuka jambo lililotokea kweli New York mwaka 1841, pale John Colt alipomwua Samuel Adams katika biro, watu wawili peke yao, kwa ugomvi wa pesa. Mkubwa wa salama, aliyesifiwa na Astor, anaona ya kuwa hata yeye anaweza kuua. Aliyedai kuwajua watu wengine hakujijua mwenyewe. Jambo moja tu linamzuia: amri mpya ya Bwana wetu, iliyoandikwa na Mtakatifu Yoane katika sura ya 13, ya kupendana. Anakiri ya kuwa neno hilo ndilo lililomwokoa, yaani upendo, wala si busara yake.

4. Kosa liko wapi?

Wasomaji wengine humhukumu avoka huyu kuwa mtu mbaya. Sisi hatuoni hivyo. Alimvumilia karani wake kupita namna wakubwa wengi wangemvumilia. Alimtolea pesa, alitaka kumtafutia kazi nyingine, mwisho alimwita aje kukaa katika nyumba yake. Bartleby alipotiwa gerezani, yeye alikwenda kumtazama, akamlipa mtu wa kumpikia. Ukiyasoma mambo haya pamoja na sura ya 25 ya Matayo, utaona ya kuwa alifanya sehemu kubwa ya matendo ya huruma.

Kosa lake, kwa maoni yetu, ni moja: anataka kuwajua watu kusudi asiwe na lazima ya kuwauliza. Mtu atapinga na kusema: Lakini alimwuliza! Ni kweli. Alimwuliza alizaliwa wapi, na kama ana jambo la kumwambia juu ya maisha yake. Lakini alimwuliza lini? Nyuma ya hesabu zote kushindwa. Na Bartleby alijibu namna gani? Alijibu ya kuwa kwa sasa angependelea asijibu. Kwa sasa! Mlango haukufungwa kabisa. Lakini avoka alichukizwa, akaona ni ukosefu wa shukrani, na mwisho akaanza tena kutafuta njia ya kumwondoa. Mwenye kuuliza kwa upendo hungoja jibu. Mwenye kuuliza kwa ajili ya hesabu yake hukasirika jibu likichelewa.

Kuna mahali pengine padri hawezi kupapita bila kusimama. Avoka, akitafuta amani, anasoma vitabu viwili: kile cha Jonathan Edwards juu ya nia ya mtu, cha mwaka 1754, na kile cha Joseph Priestley juu ya ulazima, cha mwaka 1777. Vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake, vinafundisha ya kuwa nia ya mtu huvutwa na sababu zake kwa namna isiyoweza kuwa nyingine. Kwa kuvisoma, avoka anaamini ya kuwa Bartleby alipangiwa biro yake tangu milele, na ya kuwa yeye hana ila kukubali. Amani inamjia. Lakini ni amani ya namna gani? Zamani alisema: Ninajua atakalofanya. Sasa anasema: Limeandikwa atakalofanya. Maneno yamegeuka, ila mtu nyuma ya kiambaza bado haonekani. Ndiyo sababu amani hiyo haikudumu: rafiki zake walipoanza kunong'ona, avoka alihama biro.

Kanisa halifundishi hivyo. Tomasi, katika swali la 83 la sehemu ile ya kwanza, anasema ya kuwa mtu ana hiari. Kama sivyo, mashauri, maonyo, amri, zawadi na adhabu vingekuwa bure. Na katika swali la 57 anafundisha ya kuwa hata malaika hawajui kwa nguvu zao wenyewe mawazo ya siri ya moyo wa mtu. Wanaweza kukisia tu kwa alama za nje. Mungu peke yake anayajua. Wazee wetu wa Kiswahili wamesema vilevile kwa maneno yao: moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Basi kama malaika anasimama nje ya msitu huo, mkubwa wa biro anaingia kwa ruhusa ya nani?

Melville amempa Bartleby nafasi ya kujibu. Gerezani, karani amesimama mbele ya ukuta mrefu. Mkubwa wake wa zamani anamwita kwa jina. Bartleby, bila kugeuka, anamwambia ya kuwa anamjua, na ya kuwa hana neno la kusema naye. Mtu aliyehesabiwa tangu mwanzo wa hadithi ndiye sasa mwenye kusema: ninakujua. Nyuma ya siku chache avoka anarudi na kumkuta amelala chini ya ukuta, amekufa kwa kukataa chakula. Mara hii ananyosha mkono kumgusa. Ulikuwa mkono ule ule wa siku ya tatu, lakini ulikuwa umechelewa.

5. Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza ni Bartleby mwenyewe. Siku hizi wengine wanamfanya kuwa shujaa, mfano wa mtu huru mwenye kuwashinda wakubwa bila silaha. Hatuwezi kufuata mawazo hayo mpaka mwisho. Hiari tumepewa kusudi tushike mema, wala si kusudi tukatae tu. Mtu mwenye kukataa kazi, kisha maneno, kisha rafiki, kisha chakula, hajafika kwenye uhuru, amefika ukutani. Labda alikuwa mgonjwa wa roho, na mgonjwa hahukumiwi. Tunasema tu ya kuwa kukataa kwake kunatuonyesha ya kuwa mtu ana hiari, lakini hakutuonyeshi hiari ni ya nini.

La pili ni ukurasa wa mwisho. Avoka anatuletea uvumi ya kuwa Bartleby alifanya kazi zamani katika biro ya Washington yenye kupokea barua zilizokosa watu wa kuzipokea, na kuzichoma. Wasomaji wengi hufurahi hapo na kusema: Sasa tumefahamu! Kazi ile ya huzuni ndiyo iliyomharibu. Tuwe na akili. Avoka mwenyewe anasema ya kuwa ni uvumi tu. Tukiushika kama ufunguo wa moyo wa Bartleby, tunafanya kosa lile lile la koti na la tangawizi. Tunadhani Melville ameuweka huko kusudi atujaribu, baada ya kumcheka mkubwa, kama sisi ni wazuri kupita yeye. Kama tumemfahamu vibaya, bado ukurasa huo unafaa kwa kujipima.

6. Sisi wenye kuongoza

Wazee wetu waliofanya ukarani katika Kongo mbele ya mwaka 1960 hawangehitaji kuelezwa hadithi hii kwa urefu. Walimjua mkubwa mwenye kusema: Mimi ninawajua watu hawa, nimekaa nao miaka mingi. Tangu mwaka 1948 serikali ilitoa karte ya mérite civique, na tangu 1952 immatriculation, na kusudi mtu azipate, wachunguzi waliweza kuingia nyumbani kwake, kutazama meza, vyombo na kitanda, kisha kukata neno kama amestaarabika. Walitazama vitu vyote, lakini mwenye nyumba akabaki nyuma ya kiambaza.

Lakini tusiwaseme watu wa zamani tu. Tulipokuwa na amri ya biro ya parokia, katekista mmoja alichelewesha daftari la ubatizo mwezi hata mwezi. Tulikuwa tumekwisha kumwandika katika kichwa chetu: mvivu. Siku moja tukamwandikia barua kali ya kumwondoa kazini, tukihesabu ya kuwa atakuja mbio kuomba msamaha, nasi tutamsamehe, na tangu hapo atakuwa mwepesi. Hakuja. Alilituma daftari kwa mkono wa mtoto wake, limeandikwa vizuri mpaka jina la mwisho. Kiisha tukasikia kwa wakristu ya kuwa mke wake alikuwa amelala mgonjwa tangu Pasaka, naye ndiye aliyepika na kuchota maji, kisha kuandika usiku kwa taa. Hatukumwuliza hata siku moja: Baba, kuna nini kwako? Tulikwenda kwake kwa miguu. Alitupokea vizuri, akatupa kiti. Lakini kazini hakurudi.

Kila mwaka katika seminari tunaandika taarifa juu ya vijana: huyu ataendelea, huyu hatadumu. Sherti tuandike, Kanisa linatuomba shauri, na mtu mwenye kuongoza hawezi kufunga macho. Busara inaruhusu kukisia kwa alama. Haituruhusu kumfunga mtu ndani ya makisio yetu. Tomasi, katika sehemu ya pili ya Summa, anapofundisha juu ya hukumu, anasema ya kuwa mahali penye mashaka tufasiri mambo ya mwenzetu kwa upande mwema. Ni afadhali kudanganyika mara nyingi kwa kumdhania mtu mbaya kuwa mwema, kuliko kudanganyika mara chache kwa kumdhania mtu mwema kuwa mbaya. Kalamu yenye kuandika taarifa ingefaa kukumbuka fundisho hilo.

Mtakatifu Yoane anasema katika sura ya 2 ya ya kuwa Yesu hakuwa na haja ya kuambiwa habari za mtu, kwa sababu alijua mwenyewe yaliyomo ndani ya mtu. Yeye peke yake angeweza kutabiri bila kukosea, naye alitabiri: alimwambia Petro ya kuwa atamkana mara tatu mbele ya jogoo kuwika. Neno lilitimia. Lakini tazameni namna alivyoutumia ujuzi huo. Hakumwondoa Petro kwenye meza wala hakumlipa dola ishirini aende zake. Mtakatifu Luka anatuambia ya kuwa alimwombea mbele ya kumwambia, na ya kuwa jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama. Alijua yote, na bado akageuka kumtazama. Sisi, ambao hatujui hata nusu, tuinue kichwa juu ya hati zetu mbele ya kunyosha mkono.